Nilivyompeleka Bi Maganji Kwao

Ndugu zangu wa Msambweni, tangu nirudi mmekuwa mkija barazani kwangu mmoja mmoja, kila mtu na swali lake, nami nikimjibu kila mmoja kipande. Sasa vipande vimeanza kugombana. Huyu anasema nilimwacha mama mkwe wangu jangwani, yule anasema alikufa maji, na mwengine ameshamsomea Fatiha. Bi Maganji yu hai, alhamdulillahi, na afya yake inaishinda yangu. Ila ni kweli kwamba tuliondoka wawili, nami nimerudi peke yangu. Naandika mpate kujua ilivyokuwa tangu mwanzo.

Wakubwa mwamjua, vijana wengi hawajui alikotoka. Aliletwa pwani hii na mume wake, marehemu Mbulushi aliyenunua shamba la minazi karibu na msikiti, na siku hiyo alikuwa msichana ambaye hata nywele zake alikuwa akisukwa na watu. Kwao ni Kech, vijiji vilivyo kando ya mto katika jangwa la Makrani, nchi ambayo siku hizi ni Pakistani. Wanawe wawili wa kiume walitangulia mbele ya haki, akabaki na binti mmoja, Mwanasiti, mke wangu. Mwaka jana akaanza kusema, "Nina dada yangu kule, Nazbibi. Nataka nimwone kabla mmoja wetu hajafa." Alisema asubuhi, akasema jioni, akasema akipeta mchele. Mwanasiti ana mtoto anayenyonya, hawezi safari ya namna hiyo. Nikabaki mimi, fundi seremala ambaye mbali kwangu kulikuwa ni Vanga.

"Mpeleke umrudishe," Mwanasiti aliniambia. "Wanisikia, Baba Saidi? Umrudishe."

Nikamwambia, "Wallahi nitamrudisha."

Msambweni hadi Kilindini

Sisi Wadigo mwajua mkwe ni nani. Mama mkwe ukikutana naye njiani unampisha. Huli mbele yake, humtazami usoni, na jina lake hulitamki. Hapa naliandika kwa sababu kalamu haina haya kama mdomo. Basi fikirini mimi na yeye kwenye lori la mbata za nazi, mbele, utingo katikati yetu kama ukuta. Kila nilichotaka kumwambia mama nilimwambia utingo, na utingo, kijana wa Gazi mwenye usingizi mwingi, alisahau nusu yake.

Tulipofika Tiwi gurudumu likapasuka, na la akiba halikuwa na upepo. Tukakaa chini ya mwembe mdogo usio na hata kivuli cha kutosha kuku. Mama mmoja wa hapo akatuletea madafu na viazi vitamu vya kuchemsha, akatuuliza twaenda wapi.

"Kech," akasema Bi Maganji.

"Ni mbele ya Likoni?"

"Mbele kidogo," akasema Bi Maganji, akanywa dafu lake.

Tulivuka kivuko cha Likoni jua limeshapinda, na Kilindini tulikuta ngazi ya merikebu inataka kuinuliwa. Nilipanda na sanduku kichwani na kapu la ng'onda, samaki wetu wa kukaushwa, mkononi, wala sikupata nafasi ya kuagana na mji.

Merikebuni

Abiria wa daraja letu walilala sitahani, kila jamaa na mkeka wake. Nilifunga leso kati ya mkeka wangu na wa mama mkwe. Utingo sasa hatuna, kwa hivyo nilipotaka kusema neno nililisema kuelekea baharini.

"Chai iko tayari," ningesema, "kama yuko anayetaka chai."

"Yuko," sauti ingejibu nyuma ya leso.

Hivyo tuliishi. Majirani zetu walikuwa jamaa wa Kihindi waliokuwa wakirudi Karachi, watu wema wasiokula kitu kilichokuwa na roho. Ng'onda wetu akawa msiba wao. Walihamisha matandiko mara ya kwanza, wakahamisha mara ya pili, na mwisho wakafika ukingoni kabisa, wakatutazama kwa huzuni bila ya kutukana. Bi Maganji aliwapelekea ndimu na embe mbichi kuomba radhi, wakapokea, nao wakatuletea achari. Baada ya hapo tulifunga kapu kwa magunia mawili.

Baharia mmoja, Dilmurad, Mbulushi wa Turbat iliyo hukohuko Kech, alikuwa amejifunza Kiswahili cha gatini kwa miaka mingi. Aliposikia tuendako aliketi nasi kila alipopata nafasi. Alikuwa akimaliza kazi yake Karachi aende kwao kupumzika, akaahidi kutufikisha.

"Mto wenyewe mkubwa?" nilimuuliza.

"Mkubwa sana."

"Una viboko?"

"Hauna hata maji."

Nilicheka nikidhani ananitania. Kwetu mto usio na maji unaitwa bonde, na mambo yamekwisha.

Kisha bahari ikachafuka, na mimi ambaye nimekulia kando yake nikalala chali kama papa aliyevuliwa. Siku nzima sikuinua kichwa. Mkono ukapita chini ya leso ukiwa na ndimu iliyopakwa chumvi. Baadaye ukapita na uji. Mwisho ile leso ikafunguliwa, nikasikia mama mkwe wangu akisema, "Baba Saidi, heshima yako nimeiona. Sasa fungua mdomo." Akanilisha kwa kijiko. Ile leso hatukuifunga tena.

Karachi

Nilitazamia kuwa mgeni Karachi. Mtaa wa Wabulushi ambako Dilmurad alitupeleka kwa dada yake umejaa watu weusi kama mimi, wenye pua zangu na nywele zangu, na wote wanasema Kibulushi. Babu zao walitoka pande zetu hizi, wengine kwa kununuliwa, na hakuna aliyeweza kuniambia mji. Kila niliposimama mtu alinisalimu kwa Kibulushi na kunieleza habari zake, nami nikaitikia kwa kichwa kwa adabu. Mama mkwe wangu, mwenye lugha yake, alivaa buibui na leso ya Mombasa. Yeye wakamsemesha Kiurdu wakidhani mgeni.

Siku moja mzee mmoja kinyozi alinishika mkono akanieleza jambo refu, machozi yakimlengalenga. Nikaitikia. Kesho yake akaja na kanzu iliyopigwa pasi, akanivika, akanichukua. Kumbe amenitambua kuwa mtoto wa nduguye aliyepotea, nami nimekubali! Nilikaa arusini mwa binti yake safu ya mbele pamoja na ami zake wote, nikala nyama ya kondoo, nikapigwa picha. Dilmurad alipokuja kunitafuta na kueleza kosa, yule mzee akasema neno. Dilmurad akanifasiria: "Anasema ulale salama, lakini nafasi yako ni ileile. Mpotevu hajarudi bado." Sikujua nicheke au nilie.

Tulingoja mashua ya kwenda Pasni, mji wa pwani ulio njiani kwenda Kech, kupita tulivyotazamia, kila asubuhi ikiwa ni kesho. Katika kungoja huko, Bi Maganji alisema na watoto wa mtaani kwa Kibulushi, awaombe wasogeze mpira wao. Watoto wakaangua kicheko. Akasema tena, wakacheka zaidi, wakaanza kumwigiza. Aliingia ndani akakaa, na kutoka siku ile hakusema tena neno la Kibulushi mbele ya mtu. Nilimuuliza ana nini.

"Ulimi wangu umeoza," akasema. "Nikifika kwa dada yangu nitasema naye kwa vidole?"

Pasni na njia ya milimani

Pasni haina gati. Mashua inasimama mbali, na watu wanabebwa mgongoni mpaka mchangani. Ni mji wa samaki, harufu yake ni ya ng'onda, na kwa mara ya kwanza kapu letu likapata heshima: wenyeji walinusa, wakasifu, wakala.

Kutoka hapo lori linapanda milima isiyo na jani. Mawe yake yamesimama wima kama mbao zilizoegemezwa ukutani. Njiani tulikutana na lori jingine limevunjika, tukangoja pamoja nao, maana huko hakuna anayempita aliyekwama. Wafugaji waliokuwa karibu wakatuita kwenye hema lao la manyoya meusi ya mbuzi. Tukaketi. Mzee wao akanitazama mimi, mwanamume mgeni, akaniuliza jambo.

"Anakuuliza habari," Dilmurad akaniambia.

"Njema," nikasema.

Wakanyamaza. Wote walinitazama, wanaume kwa wanawake, na mkate waliokuwa wakiuoka kwa kuuviringa kwenye jiwe la moto ukaanza kuungua, wala hapana aliyeugusa. Nikaongeza, "Njema sana." Wakaendelea kungoja.

Bi Maganji akainama sikioni mwangu. "Hapa 'njema' si jibu, Baba Saidi. Mgeni akiulizwa habari anaeleza yote, tangu alipotoka mlangoni kwake. Watu wa kwetu hawana gazeti."

Basi nikaeleza. Nilianza Msambweni, nikaja Tiwi na gurudumu lililopasuka, merikebu, jamaa wa Kihindi, arusi ya Karachi. Dilmurad akifasiri, nao hawakunikata hata mara moja. Niliposema mvua za vuli zilikuwa haba na minazi imekauka vilele, yule mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Minazi yangu, jamani, ikapata wa kuisikitikia jangwani! Nilipomaliza naye akanieleza zake. Ndipo tukapewa mkate na maziwa. Ule mkate ulikuwa mgumu nje, laini ndani, una chumvi ya jivu, na tangu hapo sijala mkate mwingine ulionikaa hivyo.

Ukingoni mwa mto

Kijiji cha Bi Maganji kiko ng'ambo ya mto kutoka Turbat. Dilmurad alikuwa ameniambia kweli: mto ule mwaka mzima ni mchanga na kokoto, upana wa kurusha mshale, na maji ya watu hupita chini kwa chini kwenye mifereji waliyochimba wazee. Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, mahali ambapo sisi hatukuona hata wingu. Tulifika asubuhi tukakuta mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unavuta vigogo vya mitende.

Tukakaa ukingoni. Ng'ambo tuliona kijiji chote: mitende, kuta za udongo, nguo nyekundu za wanawake wakitembea. Bi Maganji alisimama. Mkono wake ulinishika bega, na huyo ni mwanamke ambaye miaka kumi na mitano kabla ya safari hii hakunigusa hata kivuli.

Wanaume walikuja ukingo wa pili kutazama maji. Dilmurad akaweka mikono mdomoni akapiga kelele kwamba Mahganj, binti wa mwenye kisima, amerudi kutoka Mombasa, dada yake aambiwe. Mahganj ndilo jina lake la kwao. Mtu mmoja akakimbia. Tukangoja. Akarudi, akapiga kelele naye, na Dilmurad akaduwaa.

"Amesema nini?" nikauliza.

Aliyejibu ni Bi Maganji.

"Amesema Mahganj alikufa. Hitima yake waliisoma zamani. Dada yangu anauliza ni nani huyu anayecheza na maiti wake."

Akaketi juu ya sanduku. Baadaye alinieleza: marehemu mume wake alikuwa na mke wa kwanza, naye alifariki Mombasa miaka ya nyuma. Msafiri fulani alipeleka kwao habari kwamba mke wa Mbulushi amekufa, hakusema yupi. Ndugu zangu, mwanamke yule alivuka bahari nzima kumwona dada yake, akakuta yeye mwenyewe ameshazikwa.

Siku ile maji hayakushuka. Watu wa upande wetu walituletea tende zilizohifadhiwa mitungini ndani ya asali yake, nikala mimi tu. "Turudi, Mama?" nilimuuliza, na nakiri kwamba moyo wangu ulitaka aseme ndiyo. Akasema, "Nikirudi sasa, nitakuwa nimekufa kweli."

Kwa Nazbibi

Kesho yake tulivuka kwa ngamia, maji yakigusa matumbo yao. Watoto walitufuata mpaka uwanjani kwa Nazbibi. Yeye alikuwa ameketi kwenye mkeka, mama mrefu mkavu, nguo yake imetariziwa kifuani kwa nyuzi nyekundu mpaka haionekani kitambaa. Macho yake yalikuwa meupe. Hakuna aliyetuambia kwamba ni kipofu.

Hakuinuka. Kwa desturi yao alituacha tuketi, kisha akauliza habari. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya hakimu. Uwanja ulikuwa umejaa watu, na wote walimtazama Bi Maganji. Angeweza kumwachia Dilmurad aseme. Lakini alifungua mdomo mwenyewe, kwa Kibulushi.

Vijana wakaanza kucheka, vilevile kama Karachi. Mwanamke mmoja akafunika mdomo kwa shela. Nilimgeukia Dilmurad kwa hasira. "Wanacheka nini?"

"Anasema kama mtoto," akaninong'oneza. "Bibi mzima, lakini maneno ni ya kitoto. Hakusema 'nimechoka', amesema lile neno mtoto analosema akitaka kubebwa. Na mengine ni ya zamani, hata mama yangu hayatumii."

Hapo nikafahamu. Alitolewa hapa msichana, na lugha yake haikupata wa kukua naye. Kwetu alizeeka kwa Kiswahili.

Nazbibi akainua mkono. Kicheko kikakatika.

"Sema tena," akamwambia.

Bi Maganji akasema tena. Alieleza, kwa maneno yake yale, jinsi alivyopandishwa ngamia, na kwamba alilia, na kwamba alikuwa na kiatu kimoja tu maana cha pili kilichukuliwa na mbuzi.

Nazbibi akaanza kutambaa. Hakusimama, alitambaa mkekani akiwa ametanguliza mikono, mpaka akamfikia, akamshika uso, akaushika tena kama asiyeamini mikunjo. Kwa kuwa ni kipofu, hakuuona uzee wa mwenziwe. Alisikia tu msichana yule. Alisema jambo moja mara nyingi, na Dilmurad hakuweza kunifasiria kwa sababu naye alikuwa akilia. Nilikuja kuambiwa baadaye. Alikuwa akisema, "Kiatu tulikipata. Kiatu tulikipata."

Uamuzi

Tulikaa hadi mto ukarudi kuwa mchanga. Nilitengeneza milango miwili kwa magogo ya mitende, mbao mbaya kuliko zote nilizowahi kushika, zina nyuzi kama mua. Nilijifunza kula kwa mkono mmoja na wanaume sahani moja, na nikajifunza kueleza habari. Bi Maganji na dada yake walikaa mkekani tangu alfajiri. Nazbibi alimsahihisha maneno. Mwisho wa mwezi Kibulushi chake kilikuwa kimebalehe, watu wakasema, sasa kinaweza kuolewa. Na alicheka. Mimi nimeishi naye uwanja mmoja tangu nioe, sikujua kwamba ana kicheko cha sauti.

Nilipomwambia mashua iko tayari Pasni, aliniita nyuma ya nyumba. Akanitazama usoni, nami nikamtazama.

"Mimi sirudi, Baba Saidi."

Nilimkumbusha kiapo changu. Nikamtaja Mwanasiti, nikawataja wajukuu, nikalitaja kaburi la mume wake, ambalo hulifagia kila Ijumaa. Nilisema mengi, na mengine kwa ukali ambao mkwe hapaswi kuwa nao.

Akaningoja nimalize. "Nilipotolewa hapa sikuulizwa," akasema. "Niliposhushwa Mombasa, nikapelekwa Msambweni, sikuulizwa. Nimeishi vizuri, sina lawama na mtu. Nyinyi wawili mlipopanga nirudi lini, mliniuliza?"

Akaendelea kabla sijafungua mdomo.

"Mwanasiti ana wewe, ana watoto, ana mji mzima. Nazbibi haoni, na tangu nifike anakula. Mwambie binti yangu nina radhi naye, dunia na akhera, maziwa yangu ni halali yake. Na mwambie kwamba hili nimelitaka mwenyewe."

Siku ya kuondoka alinipakulia chakula, akaketi, akala nami sahani moja.

Nyumbani

Ya kurudi hayana maneno. Bahari ilikuwa shwari na mimi nilikuwa na woga wa mtu mmoja tu.

Lori liliponishusha, Mwanasiti alikuwa kibarazani na mtoto begani. Alinitazama mimi, akalitazama lori, akangoja mtu wa pili ashuke. Lori likaondoka. Nilimwambia palepale, kabla ya maji ya kunywa, yote aliyoniagiza mama yake. Akaingia ndani. Alinipikia, alinifulia, lakini siku nyingi hatukusemezana, ndiyo maana nyinyi mliokuja barazani wakati huo mliniona mfupi wa maneno.

Jumatatu moja nilikuwa nikipiga randa, akaja akasimama karibu yangu.

"Alisema amelitaka mwenyewe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa maneno hayohayo?"

"Hayohayo."

Akakaa juu ya ubao. "Unajua," akasema, "maisha yangu yote sijamwona mama akichagua hata leso. Baba ndiye aliyemnunulia, kisha kaka zangu, kisha mimi. Tukimuuliza ipi, anasema yoyote." Akafuta uso kwa ncha ya kanga yake, akaangalia upande wa chumba cha mama yake kilichobaki kimefungwa, ambacho kitanda chake nilikisuka upya kabla hatujaondoka. "Basi na akae," akasema. Akaenda akalifungua dirisha la chumba.